Taa ya Kalala

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo mpaka leo nikisikia honi za harusi zikipita barabarani hunirudia nzima, na vumbi lake na harufu yake ya waya unaoungua. Keti kwanza nikusimulie. Hilo gari ulilofungua boneti halitakimbia, na kama lingeweza kukimbia lisingeletwa kwako.

Nilikuwa msichana wa kuolewa. Mji wetu huu wa Likasi bado uliitwa Jadotville, na Katanga ilikuwa imejitangaza kuwa nchi ya peke yake, yenye pesa zake na bendera yake ya misalaba mitatu ya shaba. Ninyi mnayasoma hayo shuleni na kuyasahau baada ya mtihani. Sisi tuliyaishi huku tukisonga bukari, ugali wetu, na kufua nguo, na wakati mwingine nayakumbuka kwa furaha ambayo inanishangaza mwenyewe. Tulikuwa vijana, muziki ulikuwa mzuri, na ukitoka kanisani Jumapili mji wote ulikuwa umevaa.

Baba yangu, ambaye wewe hukumkuta, aliitwa Mwepu. Alikuwa karani wa ghala, mtu wa Katanga hasa, kwao ni karibu na Mulungwishi. Wazungu wengi walipoanza kuondoka, mmoja wao alimwachia gari lake la kijivu, gari lililotumika miaka mingi lakini lenye redio. Mwanangu, redio ndani ya gari! Jioni baba alifungua milango yote minne, na majirani wa mtaa wetu wa Kikula walileta viti vyao kusikiliza. Mijakaranda ilipochanua, maua yaliangukia juu ya gari, na baba aliyaokota moja moja kwa vidole viwili, asije akakwaruza rangi. Mama alisema kwamba yeye hajawahi kuguswa kwa upole namna ile. Baba alicheka, akaendelea kuokota.

Sasa gari lililotumika, wewe unajua kuliko mimi, linakuja na magonjwa ya mwenyewe wa kwanza. Leo taa inawaka, kesho haiwaki. Ndipo tukamjua Kalala.

Kalala alikuwa fundi wa umeme wa magari, kijana mrefu, mpole, mwenye kibanda chake upande wa kwenda Shituru. Alizaliwa hapahapa Kikula, lakini baba yake aliletwa kutoka mkoa wa Kasai kufanya kazi ya migodi, akafia huku, kwa hiyo mtoto aliitwa mtu wa Kasai ingawa Kasai hakuwahi kuiona. Aliishi na mama yake, Mama Kapinga, mjane aliyekaanga mandazi ambayo sijala tena mfano wake. Kalala alikuja kwetu kila gari lilipougua, na mimi ndiye niliyempelekea maji ya kunywa. Alikunywa maji mengi sana mtu yule.

Nilimuuliza juu ya kazi yake, naye hakunicheka. Sijui kama nilipenda umeme au nilipenda fundi, na wewe usinitazame hivyo, bibi yako naye aliwahi kuwa msichana. Alinitengenezea taa ya kupimia: balbu ndogo ya taa ya nyuma, na nyaya mbili zilizofungwa kwenye misumari. Akanionyesha namna ya kutafuta mahali ambapo waya umechubuka na unagusa bati. Unatoa balbu zote za gari, unatoa fyuzi, unaweka ile taa mahali pa fyuzi, kisha unawasha swichi. Umeme hauna tena pa kupita isipokuwa kwenye kosa. Taa ikiwaka, kosa lipo na liko hai. Ikizimika, basi waya hauko kwenye bati. Unapita ukitikisa waya mmoja, halafu mwingine, na jicho lako liko kwenye taa.

"Usishike nyuzi mbili mara moya," aliniambia. "Moya, halafu ingine. Na usisikilize batu bale banasimama pembeni. Taa njo itakuambia."

Mwaka huo mvua zilipokaribia, Mama Kapinga alikuja kwetu amevaa vizuri, akabisha hodi ya posa kwa ajili ya mwanawe. Baba hakukataa. Alisema tutaona, na kwa baba neno hilo lilikuwa nusu ya ndiyo. Mimi nilikuwa jikoni, nikaunguza mboga ya sombe.

Lakini siku zilikuwa zimeanza kuharibika. Watu wa Kasai walianza kuitwa wageni katika mitaa waliyozaliwa. Mtu uliyekula naye meza moja jana, leo unamsalimu ukitazama kando. Bendera zilitokea kila mahali, na gari lisilokuwa na bendera lilisimamishwa na kuulizwa maswali. Baba naye akanunua ya kwake, ndogo, ya kitambaa kizuri, na mti wake wa chuma. Aliazima keekee kwa jirani, akatoboa mwenyewe bati lililo juu ya gurudumu la mbele, upande wa kulia, akaifunga kwa skrubu ndefu. Alirudi nyuma hatua kadhaa, akatazama, akaridhika. Wiki hiyohiyo Kalala alikuwa ametubadilishia waya wa taa.

Baada ya hapo fyuzi ikaanza kufa. Fyuzi hiyo ililisha taa na honi pamoja. Baba aliweka nyingine, ikafa. Kalala alipopita alimwambia, "Papa, fyuzi inakufa juu ya kukulinda. Ikikufa mara mbili, usiweke ingine. Uniletee gari nitafute muzuri." Baba alisema sawa, atalipeleka. Hakulipeleka. Kulikuwa na harusi Jumapili, na gari la baba ndilo lililoombwa kubeba maharusi. Akafanya kile ambacho kila mwenye gari wa Kikula alikifanya, na ambacho nimekuona wewe pia ukikifanya, usikane: alichukua karatasi ya fedha ya ndani ya pakiti ya sigara, akaizungushia fyuzi iliyokufa, akairudisha mahali pake. Honi ikalia. Baba akafurahi.

Siku ya harusi tulitoka kanisani msururu mzima, gari la baba mbele, bendera inapepea, honi zinaitikiana. Kwenye kona ya soko gurudumu liliingia shimoni, honi ikanyamaza, na moshi ukatoka chini ya usukani. Bibi harusi alishuka akikimbia, ameshika shela yake mkononi, na watoto wakacheka. Hakuna aliyeumia, lakini baba aliaibika mbele ya watu wote aliowaheshimu. Alifungua boneti, akaona waya ule mpya umeyeyuka ganda. Watu walimzunguka wakimuuliza nani aliutengeneza.

Akasema kwa sauti ya kusikika, "Ni ule Kalala. Ye njo wa mwisho kushika nyuzi ya hii gari. Batu ba Kasai habapendi drapeau yetu," akainyooshea kidole bendera yake.

Hakupiga kelele. Aliyasema kama mtu anayetaja saa. Mimi nilisimama karibu naye, nikaziona nyuso za vijana waliokuwa pale zikibadilika. Kabla ya jua kuzama kibanda cha Kalala kilikuwa kimevunjwa na vyombo vyake vimetupwa mferejini. Mama Kapinga na mwanawe wakakimbilia misheni, na habari zikaja kwamba wataondoka na treni ya kesho yake mchana, ile iliyokuwa ikiwabeba watu kwenda Kasai.

Nilimkasirikia baba, mwanangu. Nilimpenda na nilimkasirikia, na siku zile binti hakuonyesha hasira kwa baba yake. Asubuhi nilimkuta uani amekaa anatazama gari. Hakuwa amelala. Nilipiga goti, nikampa chai, nikasema, "Papa, naomba kintu moya tu. Tutafute kosa. Tukikuta ni Kalala, sitasema jina yake tena mu hii nyumba."

"Mutoto mwanamuke atatafuta nini mu gari?"

"Haiko minye nitatafuta. Ni taa."

Alinitazama sana. Nadhani alikubali kwa sababu alikuwa tayari anaogopa jibu, na mtu anayeogopa jibu wakati mwingine hutaka amalizane nalo. Nikatoa balbu, nikatoa fyuzi na karatasi yake nyeusi, nikaweka taa ya Kalala mahali pale, nikawasha swichi. Taa haikuwaka. Baba akasema nianzie kwenye kazi ya Kalala, na mimi nikaona ni haki. Nilishika kila kiungo alichofunga, nikakitikisa. Viungo vyote vilikuwa vimekaza, vimefungwa utepe kwa usafi, na taa ilibaki giza. Nikafuata waya chini ya usukani, nikautikisa. Giza. Baba alizunguka mbele ya gari, mikono nyuma, akisema kwamba Kalala ni mjanja, ameficha.

Nilikuwa nimeinama ndani, jicho langu kwenye taa. Baba, kama alivyozoea kila asubuhi, alinyoosha mkono kuiweka sawa bendera yake, maana mti ulikuwa umeinama tangu lile shimo la sokoni.

Taa ikawaka.

Akaachia, ikazimika. Nikasema polepole, "Papa, shika tena." Akashika mti wa bendera, akauvuta kidogo, na taa ikawaka tena mkononi mwangu, nyekundu, mchana kweupe. Aliiona kupitia kioo. Akaachia. Akashika. Akaachia.

Alilala chini kwenye udongo na shati lake la ukarani, akakwangua matope chini ya bati. Ncha ya skrubu yake ilikuwa imepita mpaka ndani, ikagusa waya wa taa, na kila gari lilipotikisika iliuchuna ganda zaidi. Fyuzi zilikuwa zikimwambia hivyo tangu mwanzo, yeye akazifunga mdomo kwa karatasi ya sigara. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Baba alikuwa bado pale chini mama alipotoka kuuliza kama ameumia.

Kisha akainuka, akafungua ile skrubu, akaing'oa bendera na mti wake, akavipa mama aviweke ndani. Akafunga waya kwa kitambaa, akaniambia nipande. Tulipita Kikula nzima bila bendera, mwanangu, katika siku zile. Wanajeshi walitusimamisha njiani, wakamuuliza iko wapi. Baba akawajibu kwamba imeharibu gari lake, na sijui kwa nini, wakatuacha. Labda hawakuwahi kusikia jibu kama hilo.

Stesheni ilijaa watu, magodoro, kuku na masufuria. Tuliwapata karibu na behewa la mwisho, Mama Kapinga ameketi juu ya kifurushi, Kalala amesimama. Baba hakuwa mtu wa kuomba radhi. Sikuwahi kumsikia akiomba radhi kwa mtu yeyote kabla ya siku ile. Alimshika Kalala mkono, akamvuta hadi kwenye gari, akamwonyesha tundu. Kalala akaingiza kidole, akapapasa chini, akaelewa mara moja.

"Vis ilipita hapa?" akauliza juu ya ile skrubu.

"Ilipita," baba alisema. "Minye njo nilitoboa. Haiko weye. Rudia kwetu, mwana. Mutakaa mu nyumba yangu, weye na mama."

Mama Kapinga alikuwa ametufuata. Alikuwa mwanamke wa sauti ndogo, na hakuipandisha hata siku hiyo. Akasema, "Papa Mwepu, ulifungua roho ya mutoto yangu kabla ya kufungua gari yako. Leo umefungua gari, nakushukuru. Njo vile kazi yako ingeanza."

Baba aliinamisha kichwa. Kalala alinitazama mimi kwanza, halafu yeye. "Papa, minye ningebaki. Lakini bale batu ulisema nabo ku harusi, utabarudilia moya moya?"

Kila mmoja wetu alijua jibu. Watu wale walikuwa wengi, na kila mmoja alikwisha kumwambia mwingine, na yule mwingine alikwisha kuokota jiwe. Waya mmoja unaweza kuufuata mpaka mwisho. Neno likitoka linagawanyika, na hakuna fundi anayejua limepita wapi.

Nikamnyooshea Kalala taa yake. Hakuipokea. Alinifunga vidole juu yake kwa mkono wake, akasema, "Baki nayo. Ni yako." Kisha akamsaidia mama yake kupanda. Treni iliondoka upande wa Kamatanda, na mimi nilisimama pale nikiitazama hadi baba aliponigusa bega.

Miezi iliyofuata baba alifanya jambo ambalo lilimpunguza mwili. Jioni, badala ya kufungua redio, alitoka akaenda nyumba kwa nyumba. Alibisha hodi, akakaa, akasema, "Ile tundu, minye njo nilitoboa. Kalala hakukuwa na kosa." Wengine walimcheka. Wengine walimwambia anyamaze asije akapata matatizo, na mmoja alimtolea mbwa. Aliendelea. Wakati bendera zile zilipokuja kuondolewa zote mjini, baba bado alikuwa na nyumba zilizobaki. Na lile tundu hakuliziba mpaka gari lilipokufa. Kila alipofuta gari, kitambaa chake kilifika pale kikasimama kidogo.

Miaka mingi baadaye, nikiwa na watoto wangu, msafiri kutoka Mbuji-Mayi aliniambia kwamba Kalala anaishi huko, ana karakana na mke na watoto, na kwamba alimzika mama yake vizuri. Nilifurahi kwa ajili yake, kweli nilifurahi. Halafu nikaingia jikoni nikalia, nikasingizia vitunguu. Babu yako alijua. Alikuwa mtu mwema, nilimpenda, naye akachukua kisu akaendelea kukata vitunguu yeye.

Nimekueleza haya yote, mwanangu, kwa sababu jana nilikuwa nimekaa hapa kivulini nikakusikia. Mteja yule mwenye gari lililotumika, lililovuka mpaka wa Kasumbalesa juzi, alikuuliza kwa nini betri yake inaisha, nawe hukuwa hata umefungua boneti. Ulimjibu mbele ya watu kwamba lazima ni yule fundi jirani aliyelichezea, kisha ukataja na kabila lake. Ulikuwa unatania, najua. Watu walicheka. Baba yangu naye hakupiga kelele.

Basi sikia. Gari lililotumika limepita mikononi mwa wengi, na aliyelishika mwisho si lazima awe ndiye aliyeliharibu. Anza kutafuta kwenye kile ulichokifunga wewe mwenyewe, hasa kile unachojivunia, kwa sababu huko ndiko jicho linakataa kutazama. Fyuzi ikikatika usiikasirikie wala usiifunge kwa karatasi. Inakufa ili gari lisiungue, na mtu anayekuonya kwa upole ni vivyo hivyo. Shika waya mmoja, halafu mwingine. Na mpaka taa iseme, wewe usiseme. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, maana kidole nitakukanda kwa maji ya moto, lakini maneno, hata baba yangu aliyazungukia mji mzima asiyamalize.

Jioni hii utaenda kwa yule fundi jirani. Usimtume mtu. Yeye ni mmoja tu bado, na hao waliocheka jana ni wachache, unawajua majina. Baba yangu angetoa gari lake lile na redio yake apate nafasi hiyo uliyo nayo wewe.

Nipe mkono. Ishike taa ya Kalala, ni nyepesi, nyaya nimezibadilisha mara kadhaa lakini misumari ni ileile aliyoifunga yeye. Mungu akubariki, mjukuu wangu, akupe macho ya kutafuta na mdomo wa kungoja. Karakana yako ijae, na asitoke humo mtu yeyote amebeba kosa lisilo lake. Sasa nenda, kabla jirani hajafunga karakana yake.